Jibu Lililorekodiwa Jumatano

Orval Stegall alituwekea viti viwili mbele ya televisheni yake, akatega kinasa sauti kwenye meza katikati yetu, akasema, "Zungumzeni tu kama watu wasio na haraka." Mimi nilikuwa na haraka ya miaka thelathini na sita. Lakini nilikaa, nikapakata mkoba wangu, nikatabasamu kama mjane mwenye heshima zake.

Dewitt Sayles alikuwa ameketi kushoto kwangu. Sikumtazama usoni. Nilitazama magongo yake mawili yaliyoegemezwa ukutani, viatu vyake vikubwa ambavyo kamba zake zilifungwa vizuri na mtu mwingine, na mkono wake wa kushoto uliolala juu ya goti. Mkono huo ningeutambua popote. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda tangu siku baba yangu alipokivunja kwa bahati mbaya kule Jonesboro, mbele ya watu elfu mbili waliokuwa wakishangilia.

"Bi Twyla," Orval akaanza, "tafadhali jitambulishe kwa wasikilizaji wetu."

"Naitwa Twyla Brandt. Kabla ya kuolewa niliitwa Twyla Maybry. Baba yangu alikuwa Hollis Maybry, yule mliyemwita Mchunga Ng'ombe kwenye ulingo wa mieleka."

"Na aliye pembeni yako?"

"Huyo ajitambulishe mwenyewe. Mdomo anao. Memphis nzima iliujua huo mdomo."

Dewitt akacheka. Jamani, kile kicheko! Nilidhani miaka ingekuwa imekila, lakini wapi. Kilikuwa kizima.

"Mimi ni Baroni Ulrik," akasema kwa lafudhi yake ya kubandika, lafudhi ya nchi ambayo hata yeye hakuijua iko wapi. "Bwana wa ulingo. Mrithi wa kasri saba."

"Kasri saba za Paragould, Arkansas," nikamchomekea.

Akageuka. Sasa ikabidi nimtazame. Nywele zilikuwa zimekwisha, pua ilikuwa imelala upande, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Jirani," akasema polepole kwa sauti yake ya kweli. "Hujabadilika."

Jirani ndilo jina tulilokuwa tukiitana mwaka 1983, kwenye chumba cha mashine za kufulia cha barabara ya Lamar. Mtu akitukuta tumekaa benchi moja tungesema hatujuani, sisi ni majirani wa benchi tu. Tulikuwa na sababu ya kujificha. Katika kazi ya mieleka enzi zile, wanaocheza watu wema na wanaocheza watu wabaya hawakuonekana pamoja. Hawakupanda gari moja, hawakula mgahawa mmoja, hata vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa viwili na milango miwili. Watazamaji walikuja wakiamini chuki ile ni ya kweli, na aliyewavunjia imani alifukuzwa siku hiyohiyo. Baba yangu alikuwa mwema kuliko wema wote, na yeye ndiye aliyekuwa akipanga nani ashinde na nani ashindwe. Dewitt alikuwa mbaya kuliko wabaya wote, na kioo chake cha jicho moja. Na mimi, binti wa Mchunga Ng'ombe, nilimpenda mbaya huyo mpaka chakula kikanishinda.

Siku ya Alhamisi, tarehe kumi Machi, nilichoka kujificha. Nilimpa Dewitt kitambaa cha buluu alichokishona mama yangu kabla hajafa, chenye maua meupe pembeni. Nikamwambia, "Jumamosi ukisimama mbele ya kamera, kifunge mkono wa kushoto. Nikikiona nitajua umekubali kuiacha kazi hii na kunioa, na Jumapili saa nne asubuhi utanikuta ng'ambo ya mto, kwenye mgahawa wa kambare. Nisipokiona, nitajua umekataa. Usinitafute, na mimi sitakutafuta." Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kiburi cha kutosha kugawia mtaa mzima.

Ijumaa alfajiri baba akanigongea mlango. Alisema dada yake wa Evansville, Indiana, shangazi Imogene, ameanguka na hawezi kusimama. Akanipeleka mwenyewe, mwendo wa saa tano, redio imezimwa. Tukamkuta shangazi juu ya ngazi anafuta madirisha. Hapo nikajua kuna mtu aliyetuona kwenye mashine za kufulia. Niliomba nirudi Memphis kabla ya Jumamosi, nikaone kipindi cha mieleka, shangazi akaniambia, "Kipindi hichohicho tunakiona hapa wiki inayofuata, mwanangu, kanda inaletwa. Haraka ya nini?"

Jumapili yetu ingepita, lakini nikikiona kitambaa ningemfuata popote. Basi nikafunga begi, nikaliweka nyuma ya mlango, nikasubiri siku nane. Jumamosi ilipofika nilikaa sakafuni, karibu na kioo cha televisheni. Dewitt akasimama mbele ya kamera na mikono mitupu. Nikalifungua begi, nikarudisha nguo kabatini.

Miaka mitatu baadaye niliolewa hukohuko na Walter Brandt, fundi wa majokofu, mtu mwema wa kweli asiyehitaji ulingo kuuonyesha wema wake. Nimemzika, huu mwaka wa nne. Watoto hatukujaliwa. Kwa hiyo Orval aliponipigia simu kuniomba nije kuhakiki kipindi cha tarehe kumi na mbili Machi 1983, akasema Dewitt atakuwepo, na kwamba ana mke, nilimjibu haidhuru. Nilijiambia naenda kumuuliza neno moja tu: kwa nini. Uongo mtupu. Nilinunua gauni jipya.

"Sasa wasikilizaji," Orval alikuwa akisema kwenye kinasa sauti. Kazi yake ni kusambaza barua, lakini kila Jumamosi anahakiki kipindi kimoja cha zamani, anakipa nyota, na watu wanamsikiliza mtandaoni mpaka Japani. "Hii ni kanda ya dhahabu. Bibi mmoja wa hapa Memphis alikuwa akimrekodia mwanawe kila Jumamosi kwa mashine ya nyumbani. Wengi wetu tunayo kanda ya miji ya nje. Hii ya Memphis, iliyoonyeshwa moja kwa moja saa tano asubuhi, haijaonekana tangu siku ile."

Sikushughulika na maneno hayo. Kwangu kipindi kilikuwa kipindi.

Kanda ikaanza. Picha ilitetemeka, kisha ikatulia. Mtangazaji alikuwa nyuma ya meza yake, na nyuma yake watu mia moja kwenye viti vya studio, akina mama na mikoba yao, wazee na kofia zao. Pambano la kwanza lilikuwa la vijana wawili nisiowakumbuka.

"Huyo wa kaptula ya njano," Dewitt akasema, "alikuwa akitafuna vitunguu kabla ya kupanda ulingoni. Makusudi. Ukimkaba, unakabika wewe."

Orval akapiga makofi. "Bwana Dewitt, hilo linaingia kwenye uhakiki!"

"Na huyo mwenzake analia kweli," Dewitt akaendelea. "Mtazame. Watu walidhani ni maumivu ya goti."

Nikacheka bila kutaka. Nilikuwa nimesahau kwamba huyu mtu alikuwa akinichekesha. Katika miaka yote hiyo nilikumbuka mikono yake mitupu, nikasahau hili.

Kisha baba akaingia na kofia yake nyeupe. Watu wakasimama wote. Wakati ule nilimwona mzee. Kumbe alikuwa na miaka arobaini na saba, mdogo kuliko mimi wa leo kwa miaka kumi na mmoja. Akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba Jumatatu atapambana na Baroni Ulrik, na atakayeshindwa ahame mji.

"Ahame mji," Orval akarudia. "Bwana Dewitt, pambano hilo lilikuwa limepangwa tangu lini?"

Dewitt akatikisa kichwa. "Halikupangwa. Mimi nililisikia palepale, nikiwa nyuma ya pazia, kama nyinyi mnavyolisikia."

"Kwa hiyo Mchunga Ng'ombe alibadilisha ratiba bila kukwambia?"

"Alikuwa bosi. Hakuhitaji kuniambia."

Nilimtazama baba kwenye kioo. Alikuwa akitabasamu na kuwapungia akina mama. Mikono yake ndiyo ileile iliyoshika usukani kunipeleka Evansville, siku moja tu kabla.

"Na hapa," Orval akasema, "tunaingia kwenye mahojiano ya Baroni."

Kwanza nilikiona kioo cha jicho. Kisha koti la zambarau. Mtangazaji akamuuliza anasemaje kuhusu Jumatatu, na Dewitt, kijana, mrefu, mzuri mpaka inauma kumtazama, akainua mkono wa kushoto kumtishia. Mkono wa koti ukateremka.

Kilikuwa cha buluu, kimefungwa mafundo mawili. Maua meupe pembeni.

"Mwambieni Mchunga Ng'ombe," Baroni akanguruma, "kitu chake cha thamani kiko mikononi mwangu, na sikirudishi! Mnanisikia? Hata anihamishe mji, hata anihamishe dunia, sikirudishi!"

Watu wakazomea. Mama mmoja akarusha kikombe cha karatasi.

"Angalieni kamera ya pili ilivyochelewa," Orval alikuwa akisema. "Na maneno haya, hakuna aliyewahi kuelewa ni kitu gani. Wengine wanasema mkanda wa ubingwa, ila..."

"Simamisha," nikasema.

"Samahani?"

"Simamisha. Rudisha nyuma."

Akarudisha. Mkono ukapanda, koti likateremka, buluu ikaonekana. Nikamwambia arudishe tena. Mara ya tatu sikuona vizuri, macho yalikuwa yamejaa.

"Hakikuwepo," nikasema. "Hicho kitambaa hakikuwepo. Mimi nilikitazama kipindi hiki. Nilikaa karibu hata nikaweza kuhesabu vifungo vya koti. Halikuwa hata koti hili. Alivaa jeusi."

Dewitt alinigeukia mwili mzima, kwa shida, akishika mkono wa kiti. "Ulikitazama wapi?"

"Evansville."

"Aa, Evansville!" Uso wa Orval ukang'aa kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali analolijua. "Basi hukuona mahojiano haya, Bi Twyla. Ya Evansville ni mengine. Kanda ilipokuwa ikienda miji ya nje walikata mahojiano ya Memphis, wakapachika ya mji husika, kwa sababu kila mji ulikuwa na pambano lake la kutangaza. Wote walikuwa wakisimama studio siku moja na kurekodi ya miji yote kwa mkupuo. Tupelo, Jonesboro, Evansville. Ndiyo maana makoti ni tofauti. Baba yako hakukwambia?"

"Baba hakutwambia chochote. Hata mama alikufa akiamini damu ya ulingoni ni ya kweli."

"Wengi walikuwa hivyo. Familia ndizo zilizokuwa za mwisho kujua."

"Hayo ya Evansville," nikauliza, na sauti yangu niliisikia iko mbali, "yalirekodiwa lini?"

"Wiki ileile ya kanda hii, Jumatano mchana, tarehe tisa. Siku zote ilikuwa Jumatano."

Jumatano. Mimi nilimuuliza Dewitt siku ya Alhamisi. Nilisubiri siku nane, nikasoma jibu kwenye mikono ya mtu ambaye alikuwa bado hajaulizwa kitu.

Kwenye kioo Baroni alikuwa amesimama na mkono juu, picha ikitetemeka. Orval hakuwa mjinga. Alitutazama mmoja mmoja, akasema anakwenda kupika kahawa. Akafunga mlango wa jikoni nyuma yake.

"Nilikwenda," Dewitt akasema. "Jumapili. Nilifika saa tatu, nikavaa kofia ya mkulima nisijulikane. Niliagiza kambare, sikumla. Nikaagiza chai baridi, nikanywa glasi sita. Kila mlango ulipofunguka nilisimama. Yule mhudumu akaniuliza, 'Kaka, una ugonjwa wa kusimama?'"

"Dewitt."

"Mpaka saa nane mchana, Jirani."

"Mimi nilikuwa Evansville nimefungasha begi. Lilikuwa nyuma ya mlango."

"Sikujua. Nani angeniambia?" Akafuta midomo kwa kiganja. "Jumatatu nilifanya kitu ambacho hakikuwahi kufanywa. Nilipita kwenye mlango wa watu wema, na koti langu la zambarau, nikamkabili baba yako mbele ya wenzake wote. Nikamwambia nampenda Twyla, yuko wapi. Akawatoa wenzake nje. Akaniambia, 'Twyla amekiona kitambaa chako kwenye televisheni. Amecheka. Amekwenda Indiana kuolewa.'"

"Ukamwamini?"

"Alikuwa Hollis Maybry. Watu elfu kumi walikuwa wakimwamini kila wiki, mimi nani?"

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Mimi niliamini televisheni.

"Usiku ule ulingoni," akasema, "alinibana mabega chini, mwamuzi anahesabu. Tulikuwa tukinong'onezana ulingoni, ndivyo kazi ilivyokuwa, huyu anamwambia huyu kitu gani kinafuata. Akaniwekea mdomo sikioni, akasema, 'Nisamehe, kijana.' Nilidhani anaomba radhi kwa goti lake, maana lilikuwa limeniumiza mbavu. Kesho yake nikapanda basi kwenda Kanada."

"Hakuniambia mpaka anakufa," nikasema. "Nilimuuguza mwezi mzima, Dewitt. Nilimlisha uji kwa kijiko. Siku moja alinishika mkono akasema, 'Walter ni mtu mzuri, sivyo?' Nikamjibu ndiyo, baba. Akasema, 'Basi sawa.' Nilidhani ananitakia heri."

Nililia hapo. Sikulia kwa adabu. Dewitt alinyoosha ule mkono wenye kidole kilichopinda, akaufunika mkono wangu, na tukakaa hivyo. Kiganja chake kilikuwa kigumu na cha moto. Nilihisi miaka yangu yote iliyobaki imekaa pale chini ya kile kiganja, na haikuwa mingi.

Akaingiza mkono wa pili mfukoni. Alichokitoa kilikuwa kimechakaa, buluu yake imekuwa ya maji ya sabuni, lakini maua yalikuwepo.

"Nilikileta nikurudishie," akasema. "Nilitaka nikurushie usoni, kusema kweli. Nilijiandaa na maneno."

"Maneno gani?"

"'Ulicheka nini?' Ni hayo tu."

Jikoni birika likapiga mluzi. Niliifuta pua yangu, na ndipo nikaiona taa nyekundu kwenye kinasa sauti. Ilikuwa inawaka. Orval aliisahau.

Aliporudi na vikombe nilimwonyesha. Uso ukamshuka.

"Bi Twyla, naapa sikukusudia."

"Nimeelewa. Kuanzia niliposema simamisha, kata."

"Yote?"

"Yote. Haya si ya Japani."

Akakuna kichwa, mhakiki masikini, anatazama dhahabu ikimwagika. "Lakini kutakuwa na pengo. Watu watauliza mahojiano ya Baroni yamekwenda wapi. Labda... labda turekodi kipande kingine, nikipachike?"

Mimi na Dewitt tukatazamana. Sijui nani alianza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha msibani.

"Haya," Dewitt akasema. "Pachika."

Orval akabonyeza. "Bi Twyla, mahojiano haya unayaonaje baada ya miaka yote hii?"

"Ya kawaida," nikasema. "Koti halikumkaa vizuri."

"Koti lilitoka kwa mfalme!" Baroni Ulrik akanguruma, machozi yakiwa bado kwenye mashavu yake. "Mwanamke huyu hajui mavazi. Baba yake alikuwa akivaa kofia mpaka bafuni!"

"Na kile kitambaa, Baroni? Mashabiki wengi watauliza."

Dewitt alikikunja kile kitambaa juu ya goti, mara mbili, mara nne.

"Kitambaa gani?" akasema. "Nilikuwa na mafua."

Orval akazima. Wakati huohuo gari likapiga honi nje, fupi, ya upole, na Orval akasema huyo ni Noreen, mkewe Dewitt, amekuja kumchukua. Akatoka kumfungulia mlango. Nilikuwa na dakika moja.

Nitasema nilivyosema, nisijipambe. "Kesho narudi Evansville," nikamwambia. "Mgahawa wa kambare bado upo. Nilipita hapo jana. Kifunge, Dewitt. Ukifika kwenye gari uinue mkono nikuone kutoka dirishani. Nikikiona, kesho saa nne asubuhi nitakuwa pale. Siulizi kitu kingine."

"Twyla," akasema. Hakuniita Jirani. "Noreen alinifundisha kutembea. Mara mbili. Mgongo ulipovunjika, halafu nilipopata kiharusi."

"Najua. Orval aliniambia."

"Wewe ungenifundisha pia."

"Ningekufundisha," nikasema. "Ningekufundisha mara kumi."

"Najua." Macho yake hayakuniacha. "Ndiyo maana inaniuma hivi."

Mlango ukafunguka. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia yule mwanamke, na nikashindwa hapohapo. Alikuwa mfupi, amevaa sweta la kijani, mkononi ana chupa ya maji na vidonge vya saa saba. Alinipa mikono yake yote miwili.

"Wewe ndiye Twyla wa Hollis," akasema. "Nimefurahi umekuja. Wiki tatu hizi halali vizuri. Nilimwambia, nenda ukaonane na watu wako wa zamani, utoe kilichokukaa kifuani. Ametoa?"

"Ametoa, mama," nikasema.

"Asante." Alisema kweli, kutoka moyoni. Akapiga magoti mbele ya mumewe, akakaza kamba za viatu ambazo hazikuwa zimelegea, akamnywesha vidonge, akamwekea magongo mikononi. Alifanya yote hayo huku akimuuliza kama amecheka, nani alishinda, na kama kahawa ya Orval ilikuwa na sukari, maana daktari amekataza. Dewitt alimjibu neno baada ya neno. Walikuwa na namna yao ya kuzungumza, namna ya watu waliokwisha kumaliza yote makubwa.

Aliponipita mlangoni Dewitt alisimama. Alisema, "Bi Brandt." Nikasema, "Bwana Sayles." Mikono yote miwili ilikuwa kwenye magongo, sikuweza kuona kitu.

Nilisimama dirishani kwa Orval. Hatua kumi na tisa kutoka barazani hadi kwenye gari, nilizihesabu. Noreen alimfungulia mlango, akamkalisha, akamvutia mkanda kifuani, akazunguka upande wa usukani. Gari likaguruma. Kioo cha upande wake kikashuka.

Nikasema moyoni, chukua muda wako, Dewitt. Nimesubiri siku nane, nikasubiri miaka thelathini na sita. Lifunge fundo vizuri.

Akaupandisha mkono wa kushoto nje ya dirisha, juu kabisa, kama alivyoupandisha kwenye studio. Mkono wa shati ukateremka mpaka kwenye kiwiko. Ulikuwa mtupu. Nilimwona vizuri sana, jua la saa saba lilikuwa likimwangaza, na safari hii hakuna kanda iliyokatwa wala wiki iliyopita katikati. Aliushikilia hivyo muda mrefu ili nisikosee, mpaka gari lilipokata kona.

Nilipogeuka nilikiona kitambaa. Kilikuwa kwenye mkono wa kiti chake, kimekunjwa mara nne, kando ya kikombe cha kahawa ambacho hakukigusa.

Orval alikuwa amesimama katikati ya chumba, hajui aweke wapi mikono. "Bi Twyla," akasema taratibu, "tumesahau nyota. Kipindi hiki unakipa ngapi?"

"Utanipigia simu, nitakwambia," nikasema. Nikakichukua kitambaa, nikakaa kwenye kiti changu, nikapakata mkoba. "Kwanza nirudishie pale anapoinua mkono."

"Kwa ajili ya uhakiki?"

"Hapana, Orval. Rudisha tu."

Akarudisha.